Redio ya CB kwenye pikipiki: kuichagua, kuifunga na kuifanya isikike

Kwenye barabara kuu ya Marekani, pikipiki ikiwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, redio ya CB (Citizens Band, redio ya mazungumzo ya masafa mafupi iliyo wazi kwa raia wote) inakutana na mambo matatu ambayo ndani ya lori hayaisumbui: upepo unaovuma moja kwa moja kwenye maikrofoni, cheche za injini iliyo karibu kabisa na nyaya, na chombo kisicho na bodi kubwa ya bati ya kuisaidia antena. Ndiyo maana redio inayosikika vizuri kwenye trela ikihamishiwa kwenye pikipiki inaweza kutoa mvumo mtupu. Mwongozo huu nauandika kwa wenzetu walioko huko wanaosafiri kwa pikipiki kubwa za masafa marefu, kama Honda Gold Wing na Harley-Davidson za safari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: pesa na muda wako vipeleke kwenye antena na maikrofoni. Redio yenyewe, almradi ni halali na ni nzima, inakuja baada ya hayo.

Unaihitaji CB kweli?

Kama haja yako ni kuzungumza na abiria aliyeketi nyuma yako, au na wenzako watatu mnaofuatana, acha CB. Vifaa vya Bluetooth vya helmeti, kama vya Sena au Cardo, vinafanya kazi hiyo kwa sauti safi zaidi na bila kufungua mifuniko ya pikipiki. Udhaifu wake ni kwamba kila mmoja katika kundi lazima awe na kifaa kinachoelewana na chako, na asiye na kifaa hicho hakusikii hata akiwa mita kumi mbele yako.

Njia ya kati ni redio za GMRS, ambazo nazo ni za mazungumzo ya watu binafsi. Leseni yake kutoka FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ni dola 35 kwa miaka 10, haina mtihani, na inahudumia familia nzima. Masafa yake ni ya juu, karibu megahezi 462, kwa hiyo antena ya sentimita 15 au 16 inatosha. Kwa klabu inayopenda kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, mimi ningeanzia hapo.

CB inabaki na kazi moja ambayo hao wengine hawaiwezi: kumfikia mtu usiyemjua. Kwenye barabara kuu ya I-80 ndani ya Wyoming, ambako upepo na theluji hufunga barabara mara kwa mara, dereva wa lori anayekuja upande wako ameshapita mahali unakokwenda. Yeye ndiye anayejua kama kuna trela lililopinduka au barafu juu ya daraja. Simu inaweza kukosa mtandao kwa maili nyingi, lakini lori lenye CB liko mbele yako na jingine liko nyuma. Na kati ya madereva hao wamo Wakenya, Wakongomani, Wasomali na Watanzania, kwa hiyo usishangae kusikia lafudhi ya nyumbani.

Huduma hii FCC iliianzisha katika masafa ya megahezi 27 mwaka 1958. Ilivuma baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, pale madereva wa malori walipoitumia kuambiana ni kituo gani kina dizeli na polisi wamejificha wapi. Mwaka 1977 chaneli ziliongezwa kutoka 23 hadi 40, na 40 ndizo zilizopo hadi leo.

Sheria, kwa ufupi

Huhitaji leseni. Nguvu ya kurusha isizidi wati 4 kwa AM, au wati 12 kwa SSB, namna ya kurusha upande mmoja tu wa wimbi. Tangu 2021 FM nayo imeruhusiwa. Redio iwe na kibali cha FCC kilichoandikwa kwenye lebo yake, na vikuza nguvu vinavyofungwa kati ya redio na antena ni marufuku. Muuzaji akikuambia redio yake "imefunguliwa" au "ina wati 50", rudisha pesa zako mfukoni. Chaneli ya 9 ni ya dharura na msaada wa barabarani. Chaneli ya 19 ndiyo ya madereva wa malori, ingawa upande wa magharibi, hasa kwenye I-5, wengi hutumia 17.

Kuhusu spika za kichwani, kila jimbo lina sheria yake. California inakataza kuziba masikio yote mawili kwa vipokea sauti unapoendesha. Florida nayo inakataza, lakini imeziruhusu waziwazi spika zilizofungwa ndani ya helmeti ya pikipiki ilimradi hazigusi sikio. Soma sheria ya jimbo lako na ya yale utakayopitia.

Kuchagua redio

Redio za CB zinazofaa pikipiki ni za namna tatu.

Ya kwanza ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako, inayoingia kwenye mfumo wa sauti uliopo na kutumia vitufe vya kwenye usukani. Ni ghali, lakini kama Gold Wing au Harley yako imeshatandikwa nyaya za kuipokea, hiyo ndiyo itakayokusumbua kidogo kuliko zote. Hata ukiipata iliyotumika, ichukue.

Ya pili ni redio ndogo ya gari. Boksi lake linafichwa chini ya kiti au kwenye sanduku la nyuma. Zipo ambazo vitufe vyote viko kwenye maikrofoni ya mkononi, kama Cobra 75 WX ST, na boksi lenyewe halihitaji kuonekana. Umbo hilo linavutia sana kwa pikipiki, ila kabla ya kulipa uliza jambo moja: nitaunganishaje maikrofoni ya helmeti? Redio yenye soketi ya kawaida ya maikrofoni ya pini 4 na tundu la spika ya nje ni rahisi kuitengenezea waya. Ile ambayo maikrofoni na vitufe ni kitu kimoja inaweza kukulazimisha kununua kiunganishi maalumu, au isikubali kabisa.

Ya tatu ni redio ya mkononi inayokubali umeme wa pikipiki na antena ya nje, kama Midland 75-822. Inafaa kwa anayetaka kuihamisha toka pikipiki moja hadi nyingine. Usiitumie na kile kiantena chake kifupi cha mpira ukategemea kufika mbali.

Mambo ya kutafuta kwenye redio yoyote ni haya: mwili unaostahimili mvua au nafasi kavu ya kuificha, kioo kinachosomeka juani, vitufe vinavyobonyezeka kwa glavu, na chaneli saba za hali ya hewa za NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalofuatilia hali ya hewa. Hizo chaneli za hali ya hewa ni hazina kwa mwendesha pikipiki. Taarifa ya mvua ya mawe ikikufikia mapema, unapata nafasi ya kuegesha chini ya paa. Taa za rangi na mwangwi wa sauti havina faida yoyote kwako.

Antena, hapa ndipo pa kukaa

Wimbi la CB lina urefu wa takriban mita 11. Antena kamili ya robo ya wimbi ingekuwa na mita 2.7, na hakuna atakayeifunga hiyo nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo tunatumia fupi, sentimita 90 hadi 120, zilizozungushiwa waya ndani ya faibaglasi au zenye koili chini. Fupi kuliko hapo inafungika vizuri, lakini unalipia kwa umbali.

Urefu ni nusu ya hadithi. Antena ya gari hutegemea bati la paa na bodi kuwa upande wake wa pili. Ni kama upondo wa mtumbwi: pasipo ardhi ya kuukita, chombo hakisogei. Pikipiki ina chesisi nyembamba tu, na masanduku yake ya pembeni ni plastiki. Ukifunga antena ya kawaida juu ya sanduku la plastiki, sehemu kubwa ya nguvu yako itarudi kwenye redio na kuiunguza polepole.

Kuna njia mbili. Unaweza kununua antena iliyotengenezwa kufanya kazi bila bati, ambayo huuzwa pamoja na waya wake. Waya huo ni sehemu ya antena: usiukate, usiubadilishe, usiuunge na mwingine. Au unaweza kutumia antena ya kawaida, lakini kishikio chake kikazwe kwenye chuma cha chesisi na kiunganishwe na waya mpana wa shaba uliosukwa. Shika multimita upime kati ya kishikio na nguzo hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya omu 1, kwangua rangi, kaza upya, pima tena.

Waya wa antena uwe wa omu 50. Ukibaki mrefu, usiuzungushe kuwa koili ya duara iliyobanana. Utandaze kwa mikunjo mirefu chini ya kiti, mbali na koili za cheche. Na usikubali kuuzwa antena mbili ati ili "ufike mbali". Hizo hutaka kuachana karibu mita 2.7, na pikipiki haina upana huo. Zile mbili unazoziona kwenye Gold Wing, moja ni ya redio ya kawaida, nyingine ya CB.

Sasa kipimo. Hapa hakuna njia ya mkato: nunua au azima mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudishwa na antena badala ya kwenda hewani. Ipeleke pikipiki uwanjani, mbali na kuta, mabati na magari. Isimamishe wima, funga masanduku, weka kila kitu kama kitakavyokuwa safarini. Unganisha mita kati ya redio na waya wa antena, kisha fanya hivi:

1. Weka chaneli 1, bonyeza kitufe cha kuongea bila kusema neno, rekebisha mita kama maelezo yake yanavyotaka, soma, achia. Usizidishe sekunde chache.
2. Rudia kwenye chaneli 19 na 40.
3. Kama chaneli 40 inasoma juu kuliko 1, antena ni ndefu mno. Ifupishe kidogo kwa skrubu ya kileleni. Kama chaneli 1 ndiyo iliyo juu, antena ni fupi, irefushe.
4. Rudia mpaka 1 na 40 zikaribiane, na 19 iwe chini kuliko zote mbili.

Chini ya 1.5 ni nzuri sana. Kwa pikipiki, hadi 2 inakubalika. Ikizidi 3 kwenye chaneli zote, acha kurusha: tatizo si urefu, ni waya uliokatika, plagi iliyoungwa vibaya au kishikio kisichogusana na chesisi. Antena ambayo urefu wake unapunguzwa kwa kukata, ikate milimita tatu tatu, kwa sababu kilichokatwa hakirudi.

Umeme

Redio ya wati 4 haili umeme mwingi. Ampea 2 zinaitosha. Kwa hiyo usiogope kuhusu alteneta. Ogopa mahali unapochukulia umeme. Wengi huunga waya wa redio kwenye taa ya nyuma au soketi ya kuchajia simu kwa kuwa iko karibu, halafu wanalalamika kuhusu mlio. Vuta nyaya mbili, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi iliyoko mwisho wa waya, kwenye redio, hailindi kitu pale waya utakapochunika njiani na kugusa chesisi.

Ukitaka redio izimike na ufunguo, weka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowashwa na waya wa swichi. Kila kiungo kichomelewe kwa risasi na kifunikwe kwa mpira wa kubana kwa joto. Gundi ya utepe wa umeme huyeyuka jua likiwa kali.

Helmeti, spika na maikrofoni

Anza kwa kung'oa kitambaa cha ndani. Helmeti nyingi za kisasa zina mashimo ya mviringo yaliyoachwa kwa ajili ya spika. Kama yako haina, usichonge lile povu gumu. Hilo ndilo linalofyonza kishindo ukianguka, na ukilichonga umeharibu kazi yote ya helmeti. Usitoboe ganda. Usitumie gundi yenye kiyeyushi, maana hula povu. Velkro na vibanio vinatosha.

Spika ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na mara nyingi kosa ni mahali ilipowekwa. Ikisogea sentimita mbili nje ya tundu la sikio, sauti hupotea kwenye upepo. Ibandike kwa muda, vaa helmeti, washa redio, isogeze huku na huku mpaka usikie vizuri, ndipo uibandike moja kwa moja. Iwe karibu na sikio bila kulikandamiza. Baada ya saa mbili hata mguso mdogo unauma. Vizibo vya masikio vya povu, pale jimbo linapoviruhusu, hupunguza upepo kuliko vinavyopunguza maneno, hivyo unamsikia mwenzako vizuri zaidi, nayo masikio yako yanapona.

Kwa maikrofoni, helmeti ya uso wazi inataka ile ya mkono unaopindika, iliyovikwa sponji nene, karibu kabisa na midomo, kiasi cha kuigusa. Helmeti iliyofunika uso inataka ya kitufe, inayobandikwa ndani ya kidevu mbele ya mdomo. Maikrofoni ikiwa mbali utainua nguvu yake ili usikike, na utakachokiinua ni upepo.

Waya wa helmeti uunganishwe na wa pikipiki kwa plagi inayochomoka yenyewe ukivutwa. Jambo hili usilipuuze. Ukianguka, au ukishuka kwa kusahau kwamba umeungwa, plagi iachie kabla ya shingo yako kuvutwa. Pikipiki zilizotandikwa nyaya kiwandani zina soketi zake: Gold Wing hutumia plagi ya pini 5 na Harley-Davidson nyingi za tangu 1998 pini 7, kwa hiyo taja pikipiki yako unaponunua.

Ukiunga waya mwenyewe kwenye soketi ya pini 4 ya redio, soma mchoro wa redio hiyo hiyo. Mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Angalia pia tundu la spika: plagi ya spika mbili ikiingia kwenye tundu la spika moja, mara nyingi sikio moja linabaki kimya.

Kitufe cha kuongea kifungwe mkono wa kushoto wa usukani, kidole gumba kifike bila kuachia kishikio. Wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Usiupe kazi nyingine. Ule mtindo wa redio kujiwasha yenyewe ikisikia sauti hauifai pikipiki, kwa sababu upepo nao ni sauti, na utaziba chaneli ya watu wote bila kujua.

Kama tayari una helmeti ya Bluetooth, kuna visanduku kama Sena SR10 vinavyounganisha redio na helmeti bila waya, pamoja na kitufe cha usukani. Hakikisha kuna waya wa kuunganisha unaolingana na redio yako.

Mlio na mvumo

Washa redio injini ikiwa imezimwa, usikilize. Kisha washa injini. Ukisikia tiktik inayokwenda kasi pamoja na injini, hizo ni cheche: weka plagi za cheche zenye kizuizi, ambazo kwa NGK zina herufi R kwenye namba yake. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka, ni alteneta inayopitia kwenye waya wa umeme. Mvumo usiobadilika mara nyingi ni wa taa za LED au chaja ya simu. Zima kimoja kimoja umpate mwenye kosa.

Kipo kipimo kinachookoa muda mwingi. Injini ikiunguruma, chomoa waya wa antena na usikilize tu, bila kubonyeza kitufe cha kuongea. Mlio ukitoweka, ulikuwa unaingia kwa antena, na dawa yake ni kushughulikia plagi za cheche, ardhi ya chesisi na njia ya waya. Mlio ukibaki, unaingia kwa umeme, na dawa yake ni kichujio kwenye waya chanya na kurudi betrini moja kwa moja. Rudisha antena kabla ya kurusha chochote.

Barabarani

Geuza skwelchi, kitufe cha kunyamazisha mvumo pasipo na anayesema, mpaka ule mvumo wa hewani ukatike, ongeza kidogo, uache. Ukiikaza sana utajifungia nje wenzako walio mbali. Muombe mtu akusikilize akiwa kilomita moja nyuma huku unakwenda kasi ya barabara kuu, kwa sababu jaribio la uwanjani halionyeshi upepo. Pikipiki kwa pikipiki tegemea kilomita chache, na milimani pungufu ya hapo. Siku ambazo jua lina shughuli nyingi utasikia watu wa majimbo ya mbali wakimfunika jirani yako, hama chaneli.

Kundi lichague chaneli yake, si 9 wala 19, pamoja na ya akiba. Wa mbele na wa mwisho ndio wenye ulazima wa kuwa na redio nzima. Wa mbele anataja mchanga, mzoga, kona kali. Wa mwisho anasema nani amebaki na lori gani linataka kupita. Huko zungumzeni Kiswahili mpendavyo. Kwenye 19 unaingia kwa kusema "break one-nine", unangoja ukaribishwe, kisha unataja uelekeo wako na namba ya nguzo ya maili: mtu wa I-80 akijua unaelekea magharibi kwenye maili 235, anajua cha kukuambia. Ukishajibiwa, shukuru na uachie.

Kila baada ya mvua kubwa, na kabla ya kuifungia pikipiki kwa baridi, fungua plagi za antena utazame kutu, ukaushe, upake grisi ya umeme, na upime SWR upya. Na kama una mpango wa kuisafirisha pikipiki nyumbani pamoja na redio yake, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kibali cha FCC hakivuki bahari, na vifaa vya redio huko vinahitaji kuidhinishwa kabla ya kutumika.